Wapangaji 41,400

Jumatatu ile nilifika kazini saa moja na nusu asubuhi, na foleni ya mapokezi ilikuwa imeshatoka nje ya mlango. Hospitali yenyewe sitaitaja. Nilikuwa na miaka 23, nimemaliza shahada ya kwanza mwaka uliotangulia, na cheo changu kilikuwa msaidizi wa TEHAMA, maana yake mtu anayeitwa printa ikikwama. Dada wa mapokezi aliponiona alisema, "Mdogo wangu, leo hakuna kitu. Hata jina la mgonjwa halitoki."

Nikakimbilia chumba cha seva. Kulikuwa na taa ya rangi ya chungwa inawaka kwenye mashine moja. Mashine moja tu, kwa sababu haikuwepo nyingine.

Miezi minne kabla, chumba kile kilikuwa na mashine 9. Usajili ulikuwa na seva yake, maabara yake, duka la dawa lake, malipo yake, na kadhalika. Zilikuwa za zamani, zinanguruma, zinakula umeme, na nyingi zilikaa bila kazi ya maana kwa saa nyingi za siku. Mimi ndiye niliyependekeza tuzikusanye. Chuoni nilikuwa nimefundishwa habari za seva pepe: unanunua mashine moja yenye nguvu, unaigawa kwa programu, na kila mfumo unapewa kompyuta yake ya kudhaniwa. Haishikiki kwa mkono, lakini mfumo ulio ndani yake haujui tofauti. Nilichora mchoro mzuri: mishale 9 inaingia kwenye boksi moja. Bili ya umeme ikapungua, nikasifiwa kikaoni.

Sasa kadi inayosimamia diski za boksi lile ilikuwa imekufa, na mifumo yote 9 imekufa nayo. Zamani seva ya duka la dawa ikigoma, maabara iliendelea na kazi. Siku ile viligoma vyote kwa pamoja. Baba mmoja alikuwa ametoka Mkuranga alfajiri na mwanawe mwenye selimundu. Mashine ya kupimia damu ilikuwa imeshampima mtoto, lakini majibu hayakuwa na pa kwenda. Sista wa zamu hakusema neno. Alifungua kabati, akatoa daftari la kaunta, akaanza kupiga mistari kwa rula: jina, umri, kipimo, majibu. Tuliishi kwa daftari lile siku mbili. Hakuna aliyepoteza maisha, namshukuru Mungu, lakini macho ya yule baba bado ninayo.

Sasa nasoma shahada ya uzamili, na nimetumia sehemu kubwa ya mwaka huu kutafuta asili ya mchoro wangu. Nilitaka kujua ni wapi nilikosea. Nilichokuta ni kwamba mchoro ule umewazidi umri hata wazazi wangu, na kwamba mimi niliuchukua nusu tu.

*

Tarehe 7 Aprili 1964, kampuni ya IBM ilitangaza familia mpya ya kompyuta, System/360. Ndizo zilizokuja kujulikana kama meinfremu: mashine za kujaza chumba, za benki, mashirika ya ndege na serikali. Mradi ule ulikadiriwa kugharimu dola bilioni 5, na kama ungeshindwa, kampuni ingeyumba vibaya.

Shida ya zama zile ilikuwa kungoja. Mtaalamu aliandika programu yake, ikatobolewa kwenye kadi, akaipeleka dirishani, kisha akasubiri saa nyingi au hata siku nzima ili aambiwe kwamba amekosea koma. Pale MIT, mjini Cambridge, jimbo la Massachusetts, Fernando Corbató na wenzake walikuwa wameonyesha njia nyingine tangu 1961. Mfumo wao, CTSS, uliwaruhusu watu kadhaa kukaa kila mmoja kwenye mashine yake ya kuchapia na kutumia kompyuta moja kwa zamu fupi sana, kiasi kwamba kila mtu alijiona yuko peke yake. MIT walipotaka kujenga mfumo mkubwa zaidi wa aina hiyo, waliiacha IBM na kuchagua mashine ya General Electric. System/360 haikuwa na vifaa vya kutafsiri anwani za kumbukumbu, kitu walichokihitaji.

IBM ilikuwa imefungua kituo kidogo cha utafiti palepale Cambridge, kwenye jengo moja na watafiti wa MIT. Hapo Robert Creasy, aliyewahi kufanya kazi kwenye CTSS, alianza mradi mwishoni mwa 1964. Wenzake wengi wa zama zile walikuwa wakiandika mifumo mikubwa ya kugawana kompyuta, yenye kanuni nyingi za nani apate nini. Kikundi cha Creasy kilichukua njia fupi: mpe kila mtumiaji System/360 nzima ya kudhaniwa, yenye kumbukumbu yake na diski zake, kisha ndani ya kila moja weka mfumo endeshi mwepesi wa mtu mmoja. Programu ya chini kabisa ingekuwa na kazi moja tu, kulinda mipaka.

Waliiita CP-40. Ilianza kutumika Januari 1967 kwenye Model 40 iliyofanyiwa marekebisho maalumu, na iliweza kubeba mashine pepe 14, kila moja ikiamini ina kumbukumbu ya kilobaiti 256. Mrithi wake, CP-67, alisambaa kwa wateja wakati mfumo rasmi wa IBM wa kugawana kompyuta, TSS/360, ukihangaika na hitilafu na ucheleweshaji. Tarehe 2 Agosti 1972 kampuni ikakubali yaishe: ikatangaza VM/370 kama bidhaa yake. Wazo la kikundi kidogo lilikuwa limepewa mlango wa mbele.

*

Nimekulia Manzese, katika nyumba ya vyumba 8. Ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani bomba, choo na jiko la mkaa. Kila familia ina kitasa chake, na mlango ukishafungwa, mle ndani ni kwako. Lakini mita ya LUKU ilikuwa moja. Mwenye nyumba ndiye aliyeishika, na mtu akichomeka hita usiku wa manane, mwezi ukiisha ni ugomvi.

Kwangu mashine pepe ni hiyo nyumba. Programu ya chini ni mwenye nyumba. Wapangaji wana milango, hawaingiliani, na chochote kinachogusa mita lazima kipite kwa mwenye nyumba. Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg waliligeuza hilo kuwa hisabati. Walisema, kwa kifupi, kwamba kompyuta inafaa kugawanywa hivi endapo kila amri inayoweza kugusa au kufichua hali halisi ya mashine itamwamsha msimamizi inapotolewa na mpangaji. Amri moja tu ikipita kimyakimya, ukuta una tundu.

Na nyumba hii ina faida kwa sababu moja ya kibinadamu: wapangaji hawako nyumbani kwa wakati mmoja. Kama vyumba vyote 8 vingepiga pasi saa moja asubuhi, waya ungeungua. Haukuungua, kwa sababu mama muuza vitumbua aliondoka saa kumi alfajiri, na mlinzi alirudi saa moja kulala.

*

Kisha kompyuta zikawa rahisi, na kila mtu akajenga chake.

Miaka ya 1980 na 1990, mashine ndogo zenye prosesa za ukoo wa Intel, x86, ziliingia maofisini kwa bei ambayo mkuu wa idara angeweza kuidhinisha bila kuuliza makao makuu. Mifumo yake endeshi haikuwa hodari wa kuwatenganisha wakazi. Programu mbili zilizotaka matoleo tofauti ya maktaba moja ziligombana, na muuzaji wa programu ya mishahara hakutaka kulaumiwa kwa makosa ya programu ya barua pepe. Kwa hiyo ukawa utaratibu: programu moja, seva moja. Chumba chetu cha mashine 9 kilikuwa mjukuu wa utaratibu huo.

Meinfremu ikaonekana marehemu. Mwandishi Stewart Alsop alitabiri mwaka 1991 kwamba meinfremu ya mwisho ingechomolewa kwenye umeme tarehe 15 Machi 1996. Hakuwa peke yake kufikiri hivyo. IBM ilipata hasara ya takriban dola bilioni 5 mwaka 1992 na bilioni 8 mwaka 1993. Louis Gerstner, aliyeshika uongozi Aprili 1993, aliamua kushusha bei za meinfremu na kuhamia kwenye chipu za aina ya CMOS, zilizokuwa rahisi zaidi na zisizohitaji umeme mwingi kama zile za zamani. Tarehe 15 Machi 1996 ikapita, mashine zikiendelea kuhesabu pesa za watu. Baadaye Alsop mwenyewe alikubali kupigwa picha akiyala maneno yake.

Huku nyuma vyumba vya seva vilikuwa vimefurika mashine zinazosinzia. Luiz Barroso na Urs Hölzle wa Google waliandika mwaka 2007 kwamba seva walizozichunguza zilitumia muda mwingi zikifanya kazi kati ya asilimia 10 na 50 ya uwezo wake, na kwamba hata seva iliyoundwa vizuri inakula kama nusu ya umeme wake wote ikiwa haifanyi chochote. Ni sawa na kupanga nyumba nzima kwa ajili ya begi, na taa umeiacha inawaka.

*

Hapo ndipo ubishi ulipozaliwa, na ulikuja kutoka pande mbili karibu kwa wakati mmoja.

Upande wa kwanza ulikuwa meinfremu. Desemba 1999, kikundi cha IBM cha Böblingen, Ujerumani, kilitoa hadharani kazi yao ya kuifanya Linux iendeshwe kwenye S/390, kizazi cha wakati huo cha meinfremu. Ghafla nyumba ya Creasy ikapata wapangaji wapya: mashine pepe ambazo ndani yake si programu za benki za miaka ya 1970 bali seva za wavuti na barua pepe, zilezile zilizojaza vyumba vya mashine ndogo. Mwaka 2000 mhandisi David Boyes alijaribu kuona mwisho uko wapi. Aliwasha Linux moja baada ya nyingine ndani ya S/390 moja mpaka akafika 41,400. Mwaka huohuo kampuni ya simu ya Telia, Sweden, ilitangaza kuachana na seva 70 za Unix na kuweka S/390 moja yenye uwezo wa zaidi ya seva pepe 1,500. Mwaka 2007 IBM ikasema itahamisha seva zake yenyewe zipatazo 3,900 kwenye meinfremu kama 30, ikitarajia kupunguza matumizi ya umeme kwa asilimia 80.

Upande wa pili ulikuwa mashine ndogo zenyewe. Prosesa za x86 zilishindwa mtihani wa Popek na Goldberg. Uchambuzi wa mwaka 2000 ulihesabu amri 17 kwenye Pentium ambazo mpangaji angeweza kuzitoa bila mwenye nyumba kuamshwa. Watafiti wa Stanford, wakiwemo Mendel Rosenblum na Edouard Bugnion, walianzisha VMware mwaka 1998 pamoja na Diane Greene na wengine, na mwaka uliofuata wakauza programu iliyozikwepa amri hizo kwa kuzitafsiri kabla hazijatekelezwa. Mwaka 2003 ikatoka Xen, kutoka Cambridge nyingine, ya Uingereza. Mwaka 2005 na 2006 Intel na AMD waliongeza vifaa vya kugawanya mashine ndani ya prosesa zao. Agosti 2006 Amazon ilianza kukodisha mashine pepe zinazoendeshwa kwa Xen kwa senti 10 za Marekani kwa saa, na kazi kubwa ya kuijenga huduma hiyo ilifanywa na kikundi kilichokaa Cape Town, Afrika Kusini. Nilipolisoma hilo nilisimama kidogo. Nilidhani wingu limetushukia kutoka mbali.

Basi swali likawa: ukitaka kukusanya seva zako, uzikusanye kwenye meinfremu moja ya bei kubwa, au kwenye mashine kadhaa za kawaida za dukani?

*

Mara ya kwanza niliposoma ile 41,400 nilishangilia kama mtu anayeangalia mpira. Mara ya pili nikajiuliza zilikuwa zinafanya nini. Karibu hakuna. Zilikuwa zimewashwa, zinapumua. Namba ile inaeleza jinsi nyumba inavyoweza kuhifadhi wapangaji waliolala. Haisemi kitu kuhusu wapangaji 41,400 wanaopika kwa pamoja. Watetezi wa mashine ndogo walilisema hilo tangu mwanzo: ukiwa na kazi inayopiga hesabu mfululizo usiku na mchana, prosesa ya bei rahisi itakupa hesabu nyingi zaidi kwa kila shilingi. Ukiwa na mamia ya mifumo inayoamka mara moja kwa saa, meinfremu inang'aa. Wote wawili walikuwa wakweli, kila mmoja akieleza wapangaji wake.

Lakini kilichonikamata zaidi ni mahali ambapo kila upande uliweka kifo.

Kwenye meinfremu, mashine inatarajiwa kutokufa. Kizazi cha G5 cha mwaka 1998 kilikuwa na chipu ambayo ndani yake vitengo vya kutekeleza amri viko viwili viwili. Kila amri inafanywa mara mbili sambamba, na majibu yanalinganishwa. Yakitofautiana, amri inarudiwa. Yakiendelea kutofautiana, kazi inahamishiwa kwenye prosesa ya akiba iliyokaa humo ikingoja siku kama hiyo, na programu haijui kilichotokea. Mwaka 2010 kizazi cha z196 kikaanza kulinda kumbukumbu kwa mtindo unaofanana na wa diski zilizounganishwa, ili sehemu moja ikiharibika nyingine zijaze pengo. Ukiwaweka watu 1,500 katika nyumba moja, unahitaji nguzo za namna hiyo. Bei kubwa ndiyo bei ya nguzo.

Google walikwenda upande wa pili mpaka mwisho. Mwaka 1999 walipanga mazabodi tupu, bila maboksi, kwenye trei zilizotandikwa gamba la koki. Mwaka 2003 walieleza kwamba huduma yao ya kutafuta inaendeshwa na kompyuta za kawaida zaidi ya 15,000, na kwamba uimara wameuweka kwenye programu badala ya kwenye chuma. Mfumo wao wa kuhifadhi mafaili ulitunza kila kipande nakala 3 katika mashine tofauti. Mashine zinakufa, hilo wamelikubali. Ikifa moja, nyingine inaendelea, na fundi atapita kwa wakati wake.

Nguzo imara, au nyumba nyingi. Kila upande ulilipa kwa njia yake ili mlango wa mtu mmoja usifungwe kwa kosa la mwingine.

Mchoro wangu haukulipa popote. Nilichukua kutoka kwa Creasy ile hila ya kuwaweka wengi ndani ya mmoja, nikaiweka juu ya mashine ya dukani yenye kadi moja ya diski. Sikuchukua prosesa ya akiba wala nakala 3. Niliiga nyumba ya meinfremu kwa matofali ya Google, nikaita ni uboreshaji. Na nilipima faida kwa bili ya umeme, kwa sababu bili inafika kila mwezi na kifo cha kadi hakina tarehe.

Najua ofisi nyingi zimefanya kama nilivyofanya. Mashine ndogo ya kwanza inayogawanyika inapatikana kwa bajeti ya mwaka mmoja. Ya pili, ile ya kukaa tayari, inaombwa kila mwaka na kila mwaka inakatwa, kwa sababu mkaguzi akipita ataiona haina kazi. Kukaa bila kazi ndiyo kazi yake, na sijawahi kuona fomu ya bajeti yenye mstari wa kuandika hivyo.

*

Baada ya siku zile mbili tulipata kadi nyingine, na nakala rudufu ya usiku wa Jumamosi ilirudisha karibu kila kitu. Nilienda kwa mganga mfawidhi nikamwambia ukweli: kadi imekufa yenyewe, lakini mimi ndiye niliyefanya kifo chake kiwe cha watu wote. Aliniuliza tunahitaji nini. Nikamwambia mashine ya pili. Akauliza ya pili itafanya nini ile ya kwanza ikiwa nzima. Nikamwambia, "Itasubiri, daktari." Alicheka, akasema niandike.

Tulipata nusu ya nilichoomba. Duka la dawa na maabara nilivirudisha kwenye mashine mbili za zamani kutoka stoo, zilizonguruma vilevile. Bili ya umeme ikapanda tena kidogo. Safari hii hakuna aliyenisifu kikaoni.

Mwezi uliopita nilipita pale kusalimia. Sista yupo. Mashine ya pili imefika hatimaye, na kijana aliyenirithi alinionyesha jinsi mifumo inavyohama kutoka moja kwenda nyingine bila mapokezi kujua. Ni kazi nzuri kuliko yangu, na nilimwambia hivyo. Wakati natoka nilimuuliza sista kama daftari la kaunta bado lipo. Akavuta kabati, akanionyesha. Lilikuwa jipya, na kurasa zote zimeshapigwa mistari.